Kiwambo cha kuzuia sauti kwa bastola ya .22: nichague kipi, na je, nitaweza kupiga bila kuziba masikio?

Ngambo_Tbr (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi.

Bastola ni ya .22 LR (ile risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22), nusu otomatiki, mtutu umekazwa moja kwa moja kwenye fremu na hausogei wakati wa kufyatua. Urefu wa mtutu ni sentimita 14, na mdomoni kuna hesi zilizofunikwa na kofia ndogo ya chuma. Leseni ipo. Matumizi ni shabaha tu, umbali wa mita 15 hadi 25. Uwanja una ukuta wa tofali pande tatu, na sehemu wanaposimama wapigaji imeezekwa mabati.

Tatizo ni mlio. Ukimaliza magazini mbili masikio yanaimba mpaka usiku. Ndiyo maana nafikiria kiwambo. Maswali yangu:

1. Alumini, chuma au titani?
2. Kinachofunguka au kilichozibwa moja kwa moja kiwandani?
3. Risasi zipi zinaendana nacho?
4. Nikishakifunga, naweza kuachana na vizibo vya masikio?

Nawasilisha.

---

Mwandiga_Junction (Kigoma)

Mkuu, kabla ya alumini na titani kuna hatua ambayo hukuiuliza, nayo ndiyo inayotangulia zote.

Leseni yako inataja silaha: aina yake, kipenyo chake, namba yake. Haijataja kiwambo. Silaha hapa kwetu zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kimataifa nako, Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inakihesabu kifaa chochote kilichotengenezwa kupunguza mlio kuwa miongoni mwa sehemu za silaha. Kwa hiyo usikichukulie kama mkoba wa bastola au kopo la mafuta. Hakitumwi kwa kifurushi cha basi, wala kwa posta, wala hakifichwi ndani ya begi la mtu anayerudi kutoka nje.

Fanya hivi. Andika barua fupi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ofisi ile ile iliyoshughulikia leseni yako. Taja namba ya leseni, taja silaha, eleza unataka kifaa gani na kwa sababu gani, kisha uliza kama kinaruhusiwa na kwa kibali kipi. Subiri jibu la maandishi. Askari wa kaunta akikwambia kwa mdomo "hakuna shida", hilo halijawa jibu. Wakikukatalia, mjadala wa kiwambo umeishia hapo na unabaki na mjadala wa masikio, ambao kwa maoni yangu ndio wenye faida kwako tangu mwanzo.

Usije ukakubali mtu akuletee kwa mlango wa nyuma. Huku kwetu kuna ziwa, kuna boti, kuna mipaka mitatu, na watu wanaojua kuongea. Sehemu ya silaha iliyovushwa bila karatasi itakupotezea leseni, silaha yenyewe na pengine uhuru wako.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa uzito: usimpelekee fundi wa gereji akuchongee. Tundu likipishana na njia ya risasi kwa milimita moja tu, risasi inagonga ukingo wa ndani. Hapo kifaa kinapasuka au kinaruka, na mwelekeo wa vipande hakuna anayeuchagua.

---

Fundi_Cheyo (Tabora)

Mwandiga amesema vyema, namuunga mkono. Mimi nijibu upande wa kifaa chenyewe, kwa yeyote mwenye ruhusa mkononi au anayeishi nchi ambazo vinauzwa kihalali. Norwei na Finland kwa mfano, wawindaji wengi hutumia, tena huonekana ni adabu kwa majirani. Marekani vimekuwa chini ya sheria maalumu ya usajili tangu mwaka 1934.

Anza na kuelewa mlio unatoka wapi, maana bila hapo utachagua kwa kuangalia picha. Bastola ya .22 ina milio mitatu tofauti.

Wa kwanza ni gesi ya baruti inayolipuka nje ya mdomo wa mtutu. Huo ndio mkubwa, na ndio pekee ambao kiwambo kinaushughulikia. Ndani mna visahani vilivyopangana, kila kimoja kina tundu katikati. Risasi inapita, gesi inanaswa chumba baada ya chumba, inapoa na kupungua nguvu kabla ya kutoka nje.

Wa pili ni mpasuko wa risasi yenyewe ikizidi kasi ya sauti. Huu unatokea hewani, mbele ya bastola, njia nzima mpaka kwenye shabaha. Hakuna kiwambo cha kufungwa mdomoni kinachouondoa. Dawa yake ni risasi za kasi ndogo.

Wa tatu ni chuma kugonga chuma, pamoja na gesi inayotoka kwenye tundu la kutupia maganda. Bastola yako ni nusu otomatiki, sehemu ya nyuma inafunguka mara tu risasi inapotoka. Kiwambo kinaikawiza gesi mtutuni, kwa hiyo nyingine inarudi nyuma, inatokea ubavuni, karibu na uso wako. Ndiyo maana anayetumia kiwambo anahitaji miwani ya kinga kuliko asiyekitumia.

Sasa maswali yako.

Swali la pili nalianza kwa sababu ndilo zito: kinachofunguka, bila mjadala. Risasi za .22 LR ni chafu. Kichwa kwa kawaida ni madini ya risasi matupu (neno letu "risasi" limetoka huko huko kwenye jina la madini), kimepakwa nta au kufunikwa na utando mwembamba wa shaba. Kila mlipuko unaacha masizi na punje za madini ndani ya visahani. Kwenye bunduki kubwa, joto na nguvu ya gesi hufukuza sehemu ya uchafu huo. Kwenye .22 unabaki na kujijenga, tabaka juu ya tabaka. Kifaa kilichozibwa kinaongezeka uzito mwaka hadi mwaka, vyumba vya ndani vinajaa, na huna pa kuingilia. Kile kinachofunguka unakitoa visahani kila baada ya risasi 300 hadi 500. Ukichelewa sana, madini yanavigandisha visahani kwenye ganda la nje na havitoki tena bila nyundo.

Swali la kwanza. Kwa .22 LR na matumizi yako, ganda la nje la alumini linatosha kabisa. Vifaa vingi vya aina hii vina kipenyo cha milimita 25 hivi na urefu wa sentimita 13 hivi. Cha alumini kitakuwa na gramu 70 hadi 110, cha chuma kinakaribia gramu 200. Kumbuka uzito wote huo unaning'inia mbele ya mtutu wa sentimita 14. Gramu 200 pale mbele mkono utazihisi kabla ya magazini ya tatu. Kinachofaa ni ganda la alumini au titani na visahani vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu visahani ndivyo vinavyokwanguliwa kila mara, na alumini ukiikwangua inaisha. Titani ni nzuri kwa wepesi, bei yake ndiyo inauma, na inatoa cheche gizani.

Hesi. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Bastola nyingi za .22 zenye hesi mdomoni zina nusu inchi kwa nyuzi 28 kwa inchi, yaani kipenyo cha nusu inchi na mizunguko 28 ya hesi katika kila inchi. Kuna nusu inchi kwa nyuzi 20, inayopatikana sana kwenye bunduki za .22 za Ulaya. Kipenyo ni kile kile, kwa macho zinafanana. Ukilazimisha moja kwenye nyingine itashika mzunguko mmoja au miwili, utadhani imekaa, kumbe imekaa upande. Walther P22 yenyewe ina hesi nyembamba zaidi na inahitaji kiungio cha kati. Fungua ile kofia ndogo, pima kwa kipimo cha nyuzi, usikisie.

Kwa kuwa mtutu wako hausogei, huhitaji kile kifaa cha springi kinachowekwa kwenye bastola za mtutu unaoinama. Umeokoa pesa na uzito.

Kuhusu mpangilio: kwanza hakikisha silaha haina risasi, magazini imetoka, chemba umeiangalia kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Kisha pitisha fimbo maalumu ya kunyooshea, iliyochongwa kwa kipimo cha mtutu, mpaka itokee upande wa pili wa kiwambo. Lazima ionekane katikati ya tundu la mwisho, na nafasi sawa pande zote. Ikiegemea upande mmoja, usifyatue hata moja. Mara nyingi kosa ni masizi yaliyobaki kwenye bega la mtutu, pale kiwambo kinapokalia, au hakikukazwa hadi mwisho.

Na kinalegea. Mtikisiko wa .22 ni mdogo lakini unatosha kukifungua kidogo kidogo. Kila magazini ikiisha, weka silaha salama, shika kiwambo kwa kitambaa, kaza. Kikilegea robo mzunguko tu, tundu limeshahama.

---

Ngambo_Tbr

Fundi shukrani sana. Swali la nne bado. Kuna mtu kanihakikishia kwamba .22 ikiwa na kiwambo unasikia chuma tu kikigonga, masikio wazi kabisa, kama kwenye filamu.

---

Sikio_Zima (Kigoma)

Hapana, Ngambo. Na hapa naomba usome polepole.

Bastola ya .22 bila kiwambo hupiga kati ya desibeli 150 na 160. Ni kubwa kuliko bunduki ndefu ya .22, ambayo huzunguka 140, kwa sababu mtutu wa bastola ni mfupi, gesi inatoka ikiwa bado na nguvu, tena karibu na kichwa chako. Kiwango ambacho mlio wa ghafla haupaswi kukivuka kwenye sikio la mtu mzima ni desibeli 140. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linataja 120. Kwa hiyo kila risasi uliyopiga chini ya mabati masikio yakiwa wazi imevuka mpaka, si magazini mbili kwa pamoja, kila moja peke yake.

Kiwambo kizuri kinaishusha hadi 115 au 120. Ni kazi kubwa hiyo: kila desibeli 20 ni mgandamizo wa hewa mara kumi, kwa hiyo kushuka kwa 40 ni mara mia. Lakini 117 haijawa kimya. Ni honi ya gari ukiwa umesimama mbele yake, ila inadumu kwa muda mfupi mno hata sikio halipati nafasi ya kulalamika. Ndiyo sababu watu wanadanganyika wanasema "mbona haiumi".

Halafu namba za kwenye matangazo zinapimwa wapi? Kwa utaratibu wa jeshi la Marekani, kinasa sauti kinawekwa mita moja upande wa kushoto wa mdomo wa mtutu, urefu wa mita 1.6 kutoka ardhini. Hapo si penye sikio lako. Kwa bastola nusu otomatiki, sikio liko karibu na tundu la maganda, alikosema Fundi kwamba gesi inatokea. Na wala usipime kwa programu ya simu. Kinasa cha simu kinajaa na kukata mlio mfupi kama huo, kitakuonyesha 95 ukafurahi.

Kuna na risasi ya kwanza. Kiwambo kikiwa kimepoa kimejaa hewa ya kawaida yenye oksijeni, mabaki ya baruti yanawaka ndani, na mlio wa kwanza unakuwa mkubwa kuliko wa pili na wa tatu. Ukitulia dakika kadhaa, hewa inarudi, unaanza upya.

Kwa hiyo jibu la nne: vizibo vinabaki, uwe na kiwambo au usiwe nacho. Na kama Polisi watakukatalia kiwambo, usijione umepoteza. Vizibo vilivyokaa sawasawa pamoja na vifuniko vya kichwani vinavyofunika masikio kwa nje vinakulinda vya kutosha kwa .22, kwa bei isiyofika sehemu ndogo ya kile kifaa, bila kibali cha mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuviweka. Kile cha sponji, chenye umbo la risasi, kinafanya kazi hivi:

Nawa mikono kwanza. Kiviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti iliyonenepa kidogo, kisiwe na mkunjo. Ukikibinya tu bila kukiviringisha kinapata makunyanzi, na kila kunyanzi ni mfereji wa sauti. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Njia ya sikio ina kona, kuvuta huko kunainyoosha. Ingiza haraka kabla sponji haijavimba, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30. Usiachie mapema, kitajisukuma nje.

Sasa jipime. Ukijitazama kwenye kioo uso kwa uso, kizibo kisionekane kimechomoza nje ya sikio. Ongea: sauti yako isikike nzito, kama unaongea ndani ya pipa. Kisha funika masikio yote mawili kwa viganja na uachie, mara kadhaa, ukiwa karibu na kelele yoyote ya kudumu, hata ya mashine ya kusaga. Kama kelele inabadilika sana ukifunika, kizibo hakijakaa. Kitoe, anza upya.

Namba ya desibeli zinazopunguzwa, iliyoandikwa kwenye pakiti, mfano 33 kwa kipimo cha Kimarekani, ni ya maabara. Kwa maisha ya kawaida, toa 7, gawa kwa mbili: unabaki na 13. Inasikitisha, lakini ndiyo hesabu ya tahadhari inayotumika kazini. Aliyeviweka kama nilivyoeleza anapata zaidi ya hapo, aliyevibandika mlangoni mwa sikio anapata chini ya hapo.

Juu ya vizibo weka vifuniko vile vya kichwani. Usijumlishe namba mbili: ukiwa na kizibo cha 33, kifuniko kinaongeza kama desibeli 5 tu. Hizo 5 zinahitajika. Mgandamizo unapungua karibu nusu.

Pamba haifai. Karatasi ya chooni haifai. Spika za simu za masikioni hazifai, hata zile zinazojisifia kufuta kelele, kwa sababu zimetengenezwa kwa mngurumo wa kudumu kama wa injini, hazina haraka ya kukimbizana na mlipuko.

Na hayo masikio yanayoimba mpaka usiku, mkuu, ni dalili ya jeraha. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Acha kupiga mpaka upate vizibo. Nenda hospitali ya Kitete, omba kuonana na wa masikio, pua na koo, upimwe usikivu ili uwe na kumbukumbu ya leo ya kulinganisha baadaye. Ikitokea sikio moja limeziba ghafla baada ya kupiga, usisubiri wiki iishe ukidhani ni nta. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu dawa zinazosaidia zinasaidia mapema.

---

Igombe_Maji (Tabora)

Mtu asisahau paa. Ngambo amesema mabati juu na tofali pande tatu. Mlio unatoka, unagonga ukuta, unagonga bati, unarudi kwa sikio mara ya pili na ya tatu ndani ya sekunde hiyo hiyo. Ukisogea ukasimama mbele ya ukingo wa paa, penye anga wazi (kama kanuni za uwanja zinaruhusu na mstari wa kufyatulia unahamishika kwa wote), utasikia tofauti hapo hapo. Kama haiwezekani, tandika chini ya bati kitu laini: magunia ya katani yaliyojazwa pumba za mpunga, au trei za mayai nyuma yake sponji. Vitu hivi havizuii sauti kupita, vinapunguza mwangwi tu, na vinashika moto kirahisi, kwa hiyo viwe mbali na mdomo wa mtutu na maganda ya moto.

Nirudi kwenye risasi, swali la tatu, maana naona limerukwa.

Kasi ya sauti inategemea joto la hewa, haitegemei mwinuko. Chukua 331, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Asubuhi ya Julai hapa Tabora ikiwa nyuzi 15, ni mita 340 kwa sekunde. Mchana wa Oktoba ikiwa nyuzi 30, ni 349. Kwa hiyo risasi ile ile inayopasua hewa alfajiri inaweza kutulia mchana.

Risasi ya .22 ya kawaida ina kichwa cha gramu 2.6. Ile ya kasi ya kawaida hutoka kwenye bunduki ndefu kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, na kwenye mtutu wa sentimita 14 inapungua zaidi. Hiyo haitapasua hewa msimu wowote. Ile ya kasi kubwa inapasua kwenye bunduki ndefu, ila kwenye bastola yako itazunguka chini kidogo ya mpaka, kwa hiyo wengi hawahitaji kabisa kulipia maandishi ya "kimya" kwenye boksi. Za kuepuka ni zile nyepesi za gramu 2 zenye kasi ya kupindukia. Zinapasua hata kwenye bastola, na kichwa chake chepesi hakikupi usahihi wowote wa ziada kwenye mita 25.

Upande wa pili, usishuke mno. Zile dhaifu kabisa, zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za kuvuta kwa mkono, hazina nguvu ya kusukuma slaidi (ile sehemu ya nyuma inayofunguka) hadi mwisho. Ganda linabanwa mlangoni, au risasi mpya haipandi. Mbaya zaidi ni risasi kubaki ndani ya mtutu. Ukisikia mlio wa ajabu, mdogo kuliko kawaida, simama, usifyatue tena. Toa magazini, fungua, angalia chemba, pitisha fimbo mtutuni uone kama umeziba. Risasi ya pili juu ya ya kwanza inavimbisha mtutu.

---

Kibirizi_09 (Kigoma)

Kwa upande wa usafi, kuna ile njia inayosambazwa ya kuloweka visahani kwenye siki iliyochanganywa na dawa ya kuoshea vidonda. Inafanya kazi, madini yanayeyuka kweli. Ubaya wake ndio huo?

---

Fundi_Cheyo

Ubaya ndio huo huo, umelenga. Yakishayeyuka yanakuwa chumvi ya risasi inayoyeyuka kwenye maji, sumu kali inayoweza kuingia mwilini kwa urahisi kuliko madini yakiwa kipande. Maji yale meupe-kijivu mtu anayamwaga wapi? Nyuma ya nyumba, kuku wanapokunywa. Na kama visahani ni vya alumini, mchanganyiko huo unavila.

Fanya hivi badala yake. Vaa glovu za mpira na barakoa, kaa nje upande ambao upepo unakutoka mgongoni. Tandika gazeti. Piga picha kila kisahani kinavyotoka, kwa mpangilio, ili kirudi kilipotoka. Vilainishe kwa mafuta ya kupenya, viache usiku mzima. Usikwangue vikavu hata siku moja, vumbi la madini ndilo linaloingia mapafuni. Kesho yake sugua kwa brashi ya nailoni, penye ukaidi tumia ya shaba, kisha futa kwa kitambaa. Ganda la nje paka utando mwembamba wa grisi ndani kabla ya kurudisha, ndio utakaokusaidia safari ijayo. Gazeti, vitambaa na mabaki funga kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko na uiandike. Isiende chooni, isiende bustanini, isichomwe.

Hata asiye na kiwambo hili la madini linamhusu. Ukimaliza kupiga, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kugusa chakula au mtoto. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

---

Sikio_Zima

Nimepata swali kwa ujumbe wa pembeni, nalijibu hapa kwa faida ya wengine. Dada mmoja anauliza kuhusu hijabu na vifuniko vya kichwani.

Kitambaa kikipita chini ya mto wa kifuniko, hata kiwe chepesi, kinaacha mwanya na kinga inashuka sana. Vivyo hivyo kofia ya baraghashia ikishuka hadi sikioni, nywele nene zilizosukwa mpaka mbele ya sikio, na mikono minene ya miwani. Kwa hijabu, kizibo cha sponji ndicho kiwe kinga yako kuu: kiweke kwanza, kijipime kwa viganja kama nilivyoeleza, ndipo uvae hijabu. Kifuniko kivalie juu ya hijabu kama nyongeza tu, usikitegemee. Kama kuna faragha ya kuvaa kifuniko ndani, moja kwa moja kwenye ngozi, na hijabu juu yake, hiyo ni bora zaidi, chagua chenye ukanda unaopita nyuma ya shingo badala ya utosini. Kwa miwani, tafuta yenye mikono myembamba bapa.

Na vizibo vya sponji vibadilishwe. Vikishashika jasho na nta vinakuwa vigumu na havivimbi tena sikioni. Kimoja ukikiviringisha kikarudi umbo lake kabla hujafika sikioni, au kikabaki kimekunjamana, kimekwisha.

---

Ngambo_Tbr

Nimeelewa, wakuu. Kesho vizibo na vifuniko kwanza, na kipimo Kitete. Barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya naiandika wiki hii, na mpaka jibu litoke bastola inabaki na kofia yake mdomoni. Fundi, swali moja la mwisho: hiyo kofia ndogo nikipiga bila kiwambo, iwe imefungwa au niitoe?

---

Fundi_Cheyo

Iwe imefungwa muda wote. Kazi yake ni kulinda hesi zisigongwe na zisishike masizi. Ikague kila magazini kama ambavyo ungekagua kiwambo, nayo inalegea. Tone dogo la mafuta kwenye hesi kila ukisafisha, futa la ziada, kaza kwa vidole tu bila koleo.